Ng'ombe anachungwa na anaongezewa chakula lakini maziwa hayapandi: tafuta tatizo hivi

Kila anayeuliza mbona maziwa yameshuka anajibiwa vilevile, ongeza pumba, ongeza mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta). Mi naona tunakosea hapohapo mwanzoni. Chakula cha ziada kazi yake ni kuziba pengo ambalo nyasi zimeliacha, sasa kama hujajua pengo lenyewe ni la nini unaweza kumaliza mfuko mzima na pengo likabaki palepale, maana ng'ombe aliyekosa maji hasaidiwi na pumba, na ng'ombe aliyekosa protini hasaidiwi na molasi. Na nyasi za nchi za joto mapengo yake yanajulikana: zinakua haraka, zinakomaa haraka, bua linakuwa gumu, protini inashuka, na hata zikiwa nzuri kabisa ng'ombe anayekula hizo tu mara nyingi haendi mbali zaidi ya lita 8 mpaka 10 kwa siku. Ukitaka lita 15 lazima uongeze kitu, hilo halina ubishi, shida ni kitu gani na kiasi gani.

Nimepanga kwa dalili. Ila kabla hujaenda kwenye dalili yako, nenda kwanza kwa ng'ombe mwenyewe.

Simama upande wake wa kushoto, tazama kile kishimo cha pembetatu kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kikiwa kimebonyea ndani sana, leo hajashiba, basi, hata kama majani yamejaa shambani. Kunja ngumi uikandamize hapo halafu uiache itulie, ndani ya dakika moja unatakiwa usikie tumbo linainuka na kuisukuma ngumi yako, mara moja mpaka mbili kwa dakika. Ukikaa hapo dakika mbili hujasikia kitu, huyo hana shida ya mlo tena, ni mgonjwa, mwite daktari wa mifugo. Halafu angalia kucheua: ng'ombe waliolala wametulia kivulini, angalau nusu yao wawe wanacheua, na kila tonge litafunwe mara 50 mpaka 60 hivi kabla halijamezwa. Wakitafuna mara 30 wakameza, chakula hakina nyuzi za kutosha au zimekatwa fupi mno.

Mwisho mavi. Ya kawaida yanaanguka na kutandaa kama uji mzito, yanashika umbo kidogo. Haya mavi tutayarudia sana humu kwa sababu hayadanganyi.

"Nimeongeza chakula, maziwa yako palepale"

Hii ndio inayouma watu zaidi kwa sababu hela imeshatoka. Sababu ya kwanza ambayo wengi hawaifikirii ni kwamba ng'ombe akipewa kilo 1 ya mchanganyiko wa pumba na mashudu anapunguza kula nyasi. Kwenye malisho mazuri anaweza kuacha kama nusu kilo ya nyasi (ukihesabu bila maji) kwa kila kilo unayompa, kwa hiyo hujamwongezea kilo nzima, umemwongezea nusu na kumbadilishia nusu. Malisho yakiwa mabaya anaacha chini ya hapo, ndio maana kiangazi mtu anaona faida haraka na wakati wa mvua haoni kitu. Kwenye malisho ya kutosha ukipata lita 1 ya maziwa kwa kila kilo 1 uliyoongeza, umefanya vizuri, na mara nyingi inakuwa chini ya hapo.

Sababu ya pili ni maji. Maziwa ni maji kama asilimia 87, na ng'ombe anahitaji lita 4 mpaka 5 za maji kwa kila lita ya maziwa, mbali na yale ya mwili wake mwenyewe, kwa hiyo anayekamuliwa lita 15 kwenye joto anaweza kunywa lita 80 au zaidi. Sasa ukimpeleka kisimani asubuhi na jioni tu, au pipa lina utelezi wa kijani na harufu, hatakunywa hizo lita hata umpe mashudu ya aina gani. Weka maji masafi anapokaa, usiku pia, kisha subiri wiki moja kabla hujagusa chakula. Mi nasema hili kwa msisitizo kabisa kwa sababu ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachoachwa mpaka mwisho.

Sababu ya tatu ni muda na joto. Ng'ombe anachunga masaa 8 mpaka 10 kwa siku, na jua likiwa kali mchana hali nyasi, anasimama kivulini anahema. Hesabu pumzi kwenye ubavu kwa dakika moja, zikizidi 60 ana joto kali. Ng'ombe kama huyo akifungiwa jioni mapema na kufunguliwa asubuhi jua limeshapanda, umemnyima masaa yake mazuri kabisa ya kula. Mwache achunge alfajiri na jioni, kama usalama unaruhusu hata usiku, au mkatie majani umwekee bandani usiku. Chakula cha ziada nacho mpe wakati wa baridi ya asubuhi na jioni, sio saa saba mchana.

Sababu ya nne, na hii ni ya kukubali tu, ng'ombe yuko mwishoni mwa kukamuliwa, mwezi wa nane au wa tisa tangu azae, ana mimba kubwa. Huyo chakula unachomwongezea kinaenda mwilini, sio kwenye ndoo. Sio hasara kama alikuwa amekonda, ila usitegemee maziwa. Aliyezaa juzijuzi ndiye anayelipa, kwa hiyo kama mfuko ni mmoja usiwagawie sawasawa, mpe zaidi aliye kwenye miezi mitatu ya kwanza.

Kiangazi: tumbo limejaa, mavi magumu, maziwa yanashuka

Hapa ndipo watu wanachanganyikiwa, maana ng'ombe anaonekana ameshiba, kishimo cha kushoto kimejaa, na bado anakonda. Angalia mavi: yamepangana tabaka juu ya tabaka, makavu, ukiyavunja yana nyuzi ndefu. Hiyo ni njaa ya protini. Kwenye tumbo kubwa la ng'ombe kuna vijidudu vinavyovunja nyasi, na vijidudu hivyo vinahitaji naitrojeni kutoka kwenye protini ya chakula. Nyasi zikikomaa protini yake ikashuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinapungua, nyasi zinakaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwa, tumbo linabaki limejaa na ng'ombe hana nafasi ya kula zaidi. Yani ana njaa huku ameshiba. Na huyo wa maziwa anahitaji mlo wenye protini asilimia 14 mpaka 16 kwa jumla, sio hiyo 7.

Sasa mtu akiona hivyo anakimbilia pumba za mahindi au molasi, ambavyo ni vya kutia nguvu, protini yake ndogo. Pumba zina kama asilimia 10 tu. Unachotakiwa kutanguliza ni protini: mashudu ya pamba au ya alizeti, au majani ya mikunde. Kilo 1 mpaka 2 za mashudu kwa siku kwenye nyasi kavu zinaweza kubadilisha mambo ndani ya wiki mbili, na utaona kwanza kwenye mavi, yanalainika kabla maziwa hayajapanda, halafu utaona anakula nyasi nyingi zaidi ya mwanzo. Ukiona hivyo ujue umepata pengo lenyewe.

Kama mashudu hayapatikani au bei imepaa, miti ya malisho ndio mkombozi. Lusina na kalandra majani yake yana protini asilimia 20 na zaidi, na yanabaki kijani wakati nyasi zimekauka. Kilo 3 za kalandra mbichi zinakaribia kilo 1 ya chakula cha kiwandani chenye protini asilimia 16. Kalandra mpe mbichi siku hiyohiyo uliyokata, ikinyauka ng'ombe wanaichangamkia kidogo na faida yake inapungua.

Mabua na majani makavu ya mpunga au ngano nayo yanaweza kuboreshwa kwa yurea, ile mbolea ya naitrojeni: kilo 4 mpaka 5 za yurea kwenye maji kama lita 50, unanyunyizia kilo 100 za mabua kavu, unashindilia, unafunika kwa nailoni pasipite hewa wiki 3. Ukifungua unasikia harufu kali ya amonia, acha ipoe hewani masaa kadhaa au usiku kucha kabla hujalisha. Yurea ina hatari zake, nimeziandika chini, usiruke.

Mchanganyiko rahisi wa nyumbani kama una vitu vyote: pumba za mahindi kilo 70, mashudu kilo 27, madini ya ng'ombe wa maziwa kilo 2, chumvi kilo 1. Mashudu yakiwa ya protini asilimia 30 hivi, mchanganyiko wote unafika kama asilimia 15. Malisho yakiwa makavu sana ongeza mashudu upunguze pumba.

Mvua zimeanza, nyasi kijani kibichi, mavi majimaji na ng'ombe anakonda

Hili ni pengo lingine kabisa, karibu kinyume cha hilo la juu. Nyasi changa za mvua ya kwanza zina maji asilimia 85 hivi, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 400 anayetaka kilo 12 za chakula kikavu ni lazima ameze kilo 80 za majani mabichi. Hawezi. Tumbo linajaa maji. Protini inayoyeyuka haraka ipo ya kutosha ila nguvu ya kuitumia haipo, ndio mavi yanatoka ya kijani yanaruka. Hapa mashudu ni kupoteza hela. Mpe pumba, molasi kidogo, na kabla hajatoka asubuhi mpe majani makavu au hei kilo 2 au 3, usimtoe na njaa. Mabingobingo (majani ya tembo) nayo usiyakate yakiwa mafupi sana kwa tamaa ya ulaini, subiri yafike karibu mita 1, yanyaushe nusu siku kisha katakata. Yakizidi hapo sana yanakuwa miti.

Kama mavi majimaji yanaendelea hata baada ya majani makavu, au yana damu au kamasi, hiyo sio nyasi, pima minyoo na magonjwa mengine.

Mafuta ya maziwa yameshuka

Kwa ng'ombe anayeshinda kwenye nyasi za joto mafuta hayashuki ovyo, maana nyuzi zipo nyingi. Kwa hiyo anza na ukamuaji: maziwa ya mwanzo kwenye chuchu yana mafuta kidogo sana, ya mwisho yana mafuta mengi, mkamuaji akiacha ya mwisho ndani au ndama akiachiwa hayo, kipimo kitashuka na chakula hakihusiki. Nimeona watu wanabadilisha mlo wote wakati shida ilikuwa mkamuaji ana haraka.

Ikiwa ukamuaji uko sawa, basi angalia unampa kilo ngapi kwa mpigo. Ukimwaga kilo 5 za pumba na molasi mara moja, tumbo linageuka asidi, kucheua kunapungua, mavi yanakuwa mepesi ya kijivu yenye povu na yenye punje nzima, anakula leo kesho anakataa, na baadaye kwato zinaanza kuuma anachechemea. Usizidishe kilo 2 mpaka 3 kwa mlo mmoja, gawa asubuhi, mchana, jioni, na ukipandisha kiwango pandisha nusu kilo kila baada ya siku mbili tatu mpaka wiki mbili ziishe. Majani kwanza, pumba baadaye. Na aliyevunja stoo akala gunia la mahindi usimsubirie, ni dharura, anaweza kufa, ita daktari na usimpe nafaka tena.

Amezaa vizuri, sasa anakonda na haji joto

Maziwa yanafika kilele wiki ya 4 mpaka ya 8, hamu ya kula inafika kilele baadaye, wiki ya 10 au 12. Katikati hapo anakamua mafuta ya mwili wake. Kukonda kidogo ni kawaida, ila ukipima hali ya mwili kwa ile skeli ya 1 (amekonda sana) mpaka 5 (amenona sana) akashuka zaidi ya alama moja, kupandisha kutachelewa. Tiba yake huwezi kuianza siku ya kuzaa. Anatakiwa azae akiwa kwenye 3 mpaka 3.5, na wiki 3 za mwisho za mimba uanze kumpa kilo 1 mpaka 2 za mchanganyiko ili vijidudu vya tumbo vizoee. Ila kipindi hicho cha mwisho usimmwagie lusina nyingi wala chokaa, kalsiamu nyingi kabla ya kuzaa inafanya mwili usijue kuitoa kwenye mifupa pale maziwa yanapoanza.

Hapo ndipo inakuja homa ya maziwa, mara nyingi ndani ya siku 3 baada ya kuzaa: anayumba, masikio baridi, analala shingo imepinda kuelekea ubavuni. Huyo anahitaji kalsiamu ya mshipani kutoka kwa daktari, tena polepole, ikiingizwa haraka inasimamisha moyo. Usimnyweshe kitu mdomoni akiwa amelala hivyo, kitaingia kwenye mapafu. Kama unategemea sana nyasi ya seteria ujue ina okzaleti inayofunga kalsiamu, changanya na nyasi nyingine.

Na yule aliyezaa wiki 2 mpaka 6 zilizopita, anakataa pumba lakini nyasi anakula, pumzi ina harufu tamu ya kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, maziwa yanaporomoka, hiyo ni ketosisi, mwili unachoma mafuta kuliko uwezo wake. Daktari tena, halafu rekebisha mlo wa nguvu taratibu.

Analamba udongo, anatafuna mifupa, manyoya yamepauka

Akilamba mkojo wa wenzake, kuta na jasho lako, anataka chumvi, na nyasi nyingi za joto zina sodiamu ndogo. Gramu 30 mpaka 50 za chumvi kwa siku zinatosha, au jiwe la kulamba. Akitafuna mifupa, nailoni na mbao, fikiria fosforasi, udongo wa nchi za joto mara nyingi hauna ya kutosha. Hili usilichukulie poa: Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20 Arnold Theiler na wenzake walionyesha kwamba ng'ombe waliokosa fosforasi walikuwa wanatafuna mifupa ya mizoga na kupata sumu ya botulini, wanapooza na kufa. Okota mifupa yote malishoni, na mpe DCP, yaani dikalsiamu fosfeti, ndani ya madini. Manyoya meusi yakigeuka ya kahawia na macho yakizungukwa na miduara iliyopauka, inaweza kuwa upungufu wa shaba, ila usinunue shaba peke yake ukamwekea kwa makadirio, ikizidi ni sumu, tumia madini yaliyochanganywa kiwandani.

Vinavyoua haraka

Yurea: ile unayochanganya moja kwa moja kwenye chakula isizidi asilimia 1 ya chakula kikavu chote cha siku, ichanganywe vizuri kabisa bila donge, izoeshwe wiki 2 mpaka 3, isiwekwe kamwe kwenye maji ya kunywa, na isipewe ndama wa chini ya miezi 6 wala ng'ombe mwenye njaa. Jiwe la kulamba la yurea na molasi likilowa na mvua, maji yanayotuama juu yake ni sumu. Dalili zinakuja ndani ya saa moja: anatetemeka, anatoa mate, tumbo linavimba, anaanguka. Siki lita 2 mpaka 6 ikichanganywa na maji baridi mengi ndio huduma ya kwanza kwa ng'ombe mkubwa, kama bado anasimama na anameza, huku daktari yuko njiani.

Mtama uliochipua baada ya ukame, na majani au maganda ya muhogo mchungu yakiwa mabichi, vina sumu ya sayanaidi. Mtama uache ukue upite urefu wa kiuno, muhogo kata na uanike.

Lusina usizidishe kama asilimia 30 ya mlo, ina sumu iitwayo mimosini, ng'ombe ambao hawajaizoea wananyonyoka manyoya, wanavimba koo, wanatoa mate. Miaka ya 1980 watafiti Australia, Raymond Jones akiwemo, walichukua vijidudu kutoka kwenye matumbo ya mbuzi wa Hawaii waliokuwa wanakula lusina bila madhara, wakawapa ng'ombe wao na tatizo likaisha. Kama ng'ombe wako wamekua nayo na hawana dalili, wanaweza kuwa tayari wanavyo, ila anza kidogo na upandishe.

Na mashudu au pumba zenye ukungu, zilizoshikana madonge, zenye joto ndani ya gunia, usilishe hata kama ni nusu gunia tu limeharibika. Aflatoksini, sumu ya ukungu huo, inapita mpaka kwenye maziwa wanayokunywa watoto, haiondoki kwa kuchemsha, na kuchanganya na pumba nzuri kunaisambaza tu. Magunia yapandishe juu ya mbao, mbali na ukuta, nunua ya wiki chache, na hilo lililoharibika lifukie.